Nilimwona Mkwe Wangu

JESHI LA POLISI TANZANIA
KITUO CHA POLISI TUKUYU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jalada: TUK/IR/418/2004
Kosa: Shambulio la kudhuru mwili
Jina: Ambindwile Mwaisumo
Umri: Miaka 66
Kabila: Mnyakyusa
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima wa migomba na chai
Makazi: Kata ya Lupepo, Wilaya ya Rungwe
Tarehe: 17/05/2004, kuanzia saa 4:20 asubuhi
Mwandishi: WP 2916 Koplo Yustina

Ambindwile Mwaisumo aliyeandikwa hapo juu ni mimi. Nimekuja kituoni mwenyewe, hakuna aliyeniita wala kunikamata. Nalisema hili mapema kwa sababu nje kwenye benchi yuko mdogo wangu Gwakisa, naye angefurahi ikiandikwa kwamba nimechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nimenyeshewa tu, na kwa hapa Tukuyu kunyeshewa si ugonjwa.

Nina mke mmoja anayeitwa Anyosisye na watoto watano. Wa tatu ni Lukasi, mwenye miaka thelathini na moja, anauza nguo za mitumba na vocha za simu hapa mjini. Huyo Lukasi ndiye niliyekuja kumsema. Koplo ameniuliza kama naelewa ninachokifanya. Nimemjibu kwamba naelewa, na kwamba tuendelee kabla sijaanza kulia, maana nikianza nitamlowesha karatasi zake.

Lukasi alifunga ndoa kanisani mwaka 2002 na Tupokigwe, binti wa watu wa Ikuti. Huyu Tupokigwe ni mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Kyejo, kile chuo kipya cha binafsi kilichofunguliwa nje kidogo ya mji. Chuo kikiwa wazi analala bwenini. Wakati wa likizo anakuja kwetu Lupepo, kwa sababu chumba alichopanga Lukasi mjini kimejaa marobota ya nguo hata pa kuweka kitanda hakuna.

Koplo Yustina ni mtu wa Tabora, kwa hiyo imenibidi nimweleze mambo ambayo askari wa hapa nisingemweleza. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Tunaita kutila. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawaongei, hawatazamani usoni, na akiniona njiani anajifunika uso na kuingia kwenye migomba mpaka nipite. Siyo chuki, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Wakristo wengi siku hizi wamelegeza, wengine wanapeana hata mikono. Sisi nyumbani kwetu tumeendelea nayo, na huyu binti aliifuata bila kulazimishwa na mtu.

Koplo akauliza, sasa mliishije nyumba moja? Tuliishi vizuri sana. Nikikaribia jikoni nilikuwa nakohoa, naye alijua ni mimi, akapitia mlango wa nyuma. Nikirudi shambani nilikuta chupa ya chai mezani na viazi vimefunikwa, na aliyeandaa hayupo. Jioni alikuwa anasoma gazeti kwa sauti huko jikoni, eti anamsomea mama mkwe wake. Mama mkwe mwenyewe habari za gazeti hazimhusu, alikuwa anasinzia. Aliyekuwa anasomewa ni mimi niliyekaa sebuleni, naye alijua, maana nikikohoa alirudia mstari. Habari za ubinafsishaji wa viwanda vya chai alinirudishia mara nyingi bila kuchoka. Nilimpenda mtoto huyu. Nalisema hivyo hivyo, na liandikwe hivyo.

Mnamo tarehe 14/05/2004, siku ya Ijumaa, majira ya saa nne asubuhi, nilifika chuoni nikiwa na kikapu cha ndizi mbivu na maparachichi alichonipa mke wangu. Kawaida yangu ni kumwachia mlinzi wa getini kikapu na kuondoka zangu. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa, mlinzi akaniambia nikajikinge kwenye kibaraza cha maktaba, ambacho kinatazamana na ukumbi. Wanafunzi wote walikuwa ukumbini. Mlinzi alinieleza kwamba wako kwenye semina ya kuzuia ukatili wa kijinsia, inaongozwa na Madam Beatrice, ambaye ni Mshauri wa Wanafunzi, na kwamba Madam ameamuru simu zote zizimwe. Nilisikia kipaza sauti kikisema maneno mazuri na watu wakipiga makofi.

Baada ya muda Lukasi aliingia getini. Mlinzi alimruhusu kwa sababu anamjua kuwa ni mume wa mwanafunzi. Mimi simlaumu mlinzi. Mume akisema amekuja kumwona mkewe, nani hapa Rungwe atamfungia geti? Lukasi hakuniona, nilikuwa upande wa pili wa nguzo. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa ukumbi, akamtuma mtu amwite mke wake, wakaja wote wawili kusimama kwenye ngazi za maktaba, hatua chache kutoka nilipokuwa.

Nilipoisikia sauti ya mkwe wangu nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikageukia ukuta. Hapo ukutani palibandikwa tangazo la mechi ya mpira, nikabaki nalisoma. Nilimsikia Lukasi akimuuliza kwa nini amempigia simu tangu asubuhi na haipatikani. Alimjibu polepole kwamba wameambiwa wazime. Lukasi akamuuliza amezima kwa ajili ya nani. Akajibu kwamba ni kwa ajili ya semina. Kisha nikasikia kofi.

Nikageuka. Nilimwona Lukasi amemkaba ukosi wa blauzi kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akampiga ngumi ya uso, halafu nyingine. Nilimwona binti akianguka kwenye ngazi, na Lukasi akampiga teke la ubavu akiwa pale chini. Hakupiga kelele. Kule ukumbini makofi yalikuwa yanaendelea, kwa hiyo hata angepiga kelele asingesikika.

Nilikwenda nikasimama katikati yao na kuushika ule mkono wa Lukasi. Alishtuka sana kuniona. Aliniambia, "Baba, niachie. Huyu nimemtolea ng'ombe." Nilimjibu, "Ng'ombe nilitoa mimi, kwa baba yake, ili awe mtoto wangu. Sikukununulia ngoma ya kupiga." Aliuchomoa mkono, akatoka nje ya geti, akapanda pikipiki na kuondoka.

Hapo nikamtazama mkwe wangu. Damu ilikuwa inamtoka puani na mdomoni, na mkono wake ulikuwa unapapasa chini. Nilidhani anatafuta kitu cha kufutia damu. Kumbe anatafuta mtandio wake. Aliupata kwenye tope, akajifunika uso nao, kwa sababu baba mkwe amesimama mbele yake. Mtu ameumizwa namna ile, na mwanangu mimi, na bado ananipa heshima yangu. Nililia pale pale kwenye mvua. Kisha nikamgeuzia mgongo, nikasimama kati yake na geti, nikamwita Madam Beatrice kwa sauti yangu yote.

Madam alikuja mbio akiwa na wasichana wengine, wakamwinua. Chuo kina pikapu, wakamweka mbele, na Madam akaniambia nipande nikae karibu naye nimshike asianguke. Nilikataa, nikapanda nyuma, kwenye mvua. Madam ni mtu wa Bukoba. Jana ameniambia kwamba siku ile alinichukia kabisa, na kwamba njiani alimwambia binti, pole mwanangu, naona hata baba mkwe wako amekukasirikia. Binti akamjibu kwa mdomo ule uliopasuka, "Hapana Madam, ananitunza. Amekaa nyuma ili mimi nipumue."

Tulipita hapa kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kisha tukaenda hospitali ya Igogwe, wakamshona mdomo na kumfunga ubavu. Lakini hapa kaunta, alipoulizwa kilichomsibu, alisema ameteleza kwenye ngazi. Tukuyu watu wanateleza kila siku ya Mungu, kwa hiyo aliyeandika aliandika. Madam Beatrice aligoma kuondoka mpaka jalada lifunguliwe, lakini yeye alikuwa ukumbini, hakuona. Mlinzi alikuwa getini, naye hakuona. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye pikapu, nimeangalia barabara. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nilidhani binti ameshasema.

Nataka Koplo aelewe kwa nini alisema ameteleza. Mke wangu amemuuliza. Alijibu kwamba hamwogopi Lukasi kiasi cha kudanganya. Alidanganya kwa sababu yangu mimi, asije akawa yeye ndiye aliyesababisha mzee wa Lupepo aitwe baba wa mfungwa.

Tangu Ijumaa Madam Beatrice amemweka nyumbani kwake, kwenye chumba cha watoto wake. Wenzake wa darasani wanapokezana kumletea masomo yaliyompita. Wamekubaliana asitembee peke yake, kwa hiyo hata akienda chooni anasindikizwa na wasichana wawili wanaozungumza vichekesho njia nzima. Hayo ni mazuri sana, na wazazi wao wamewalea. Lakini uongozi wa chuo umesema kwamba ikiwa polisi hakuna kesi, basi haya ni mambo ya ndoa, na wao hawawezi kumzuia mume getini. Lukasi naye ametuma ujumbe kwamba Jumatano anakuja na gari kumchukua mke wake na godoro lake, masomo yameisha. Godoro tayari amelifunga kamba. Hakulifunga Lukasi, amelifunga binti mwenyewe.

Jumamosi tarehe 15/05/2004, mchana, Gwakisa alikuja nyumbani pamoja na ndugu wengine wa ukoo. Hawakunigombeza. Ingekuwa rahisi kama wangenigombeza, maana mimi ugomvi nauweza. Gwakisa alisema kwa upole, "Kaka, wewe ni baba mkwe. Baba mkwe haoni. Wakikuuliza, sema ulikuwa umegeukia ukuta, na hutakuwa umesema uongo."

Neno hilo lilinikaa. Ni kweli nilikuwa nimegeukia ukuta. Na hakuna Mnyakyusa ambaye angeniita mwongo, kwa sababu kila mtu anajua mtu wa rika langu hamtazami mke wa mwanawe. Mila ilikuwa imeniandalia mahali pazuri pa kujificha, na ndani yake ningemficha Lukasi pia. Lukasi ni mwanangu. Alipokuwa mdogo alikuwa anaumwa degedege, nilimbeba mgongoni mpaka Igogwe zaidi ya mara moja, nikimwomba Mungu achukue mguu wangu amwachie mtoto. Bado nampenda. Nimemkasirikia sana, na bado nampenda, na vyote viwili vimo ndani yangu hivi sasa wakati Koplo anaandika.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda na mke wangu nyumbani kwa Madam Beatrice. Mke wangu aliingia chumbani kwa binti, mimi nikasimama nje, mgongo kwenye dirisha. Nilikohoa ili ajue nipo. Mke wangu alikuwa anapeleka maneno huku na huku, ingawa kila mmoja wetu alikuwa anamsikia mwenzake vizuri kabisa. Binti alisema, "Mama, mwambie baba asiende polisi. Sitaki apate aibu mbele ya watu." Nilimwambia mke wangu, "Mwambie nimezaa watoto watano, na mmoja wao ndiye aliyempiga. Huyo ni mzigo wangu. Asinipokonye, mimi bado nina mabega."

Mke wangu alisema baadaye kwamba binti alikuwa ameshika pazia analia, na kwamba mimi nje nilikuwa nimeshika ukuta nalia, na yeye katikati hakujua aanze na nani. Kisha binti akamwambia mama yake mkwe kwamba mtihani wa mwisho wa mwaka unaanza mwezi ujao, na kwamba alikuwa ameshasoma karibu yote. Nilielewa anachotaka. Anataka kubaki chuoni.

Ndiyo maana nimekuja leo Jumatatu, kabla ya Jumatano.

Hapa Koplo amenisomea alipofikia, nikakuta mahali ameandika kwamba nilisikia mlalamikaji akipigwa. Nimemwomba akate. Amenieleza kwa nia njema kwamba "nilisikia" linaweza kunisaidia na ndugu zangu pale nje. Nimemwambia nashukuru, lakini kofi ndilo nililosikia. Ngumi niliziona, teke nililiona. Nilimwona Lukasi, na nilimwona mkwe wangu. Wakiniuliza mahakamani kama Mnyakyusa wa miaka sitini na sita anaweza kumwona mkwewe, nitawaambia kwamba nilimwona, na kwamba mila hii iliwekwa ili mke wa mwanangu awe na amani nyumbani kwangu. Haikuwekwa ili apigwe na sisi tutazame matangazo ya mpira.

Lukasi simwombei kifungo wala simwombei msamaha, hiyo ni kazi ya hakimu. Ninachoomba ni kwamba chuo kipewe barua ya polisi kabla ya Jumatano, asiingie getini. Na Lukasi mwenyewe akitaka kuja Lupepo aje, nitampa chakula, na nitamwambia haya haya niliyoyasema hapa.

Koplo ameniambia pia kwamba sheria inataka shahidi amtambue aliyepigwa. Hapo nimekwama. Sura ya mkwe wangu siijui. Siku ya harusi alikuwa na shela, na mimi nilikaa mbali. Picha ya harusi mke wangu ameitundika upande ambao sipiti. Kwa miaka miwili namjua kwa sauti, kwa chai yake, kwa viatu vyake mlangoni. Uso wake nimeuona mara moja tu, siku ya Ijumaa, ukiwa na damu.

Sitaki huo wa Ijumaa ndio uwe uso wa mkwe wangu nitakaokufa nao. Kwa hiyo kama sheria inataka nimtazame, nitamtazama, iwe hapa au mahakamani, mbele ya Gwakisa na mbele ya Lupepo nzima. Lakini nitamtazama kama yeye mwenyewe amekubali. Asipokubali, sheria itafute njia nyingine.

Nimesomewa yote kwa Kiswahili na nimeyaelewa. Ni yangu, hakuna aliyenitia maneno mdomoni, na palipokatwa ni mimi niliyeomba pakatwe.

Sahihi ya shahidi: A. Mwaisumo

UTHIBITISHO WA ASKARI

Mimi WP 2916 Koplo Yustina nimeyaandika maelezo haya kwa uaminifu kama shahidi alivyoyatoa, bila kumtishia wala kumshawishi. Neno "nilisikia" limekatwa na kuandikwa "nilimwona" kwa matakwa yake, na ameweka sahihi pembeni.

Saa 6:45 mchana, kabla shahidi hajaondoka, mlalamikaji Tupokigwe alifika kituoni akiwa na Mshauri wa Wanafunzi, amejifunika mtandio. Nilimweleza alichokisema shahidi kuhusu utambuzi, nikamuuliza kama anaridhia. Aliomba shahidi aulizwe kwanza kama hatajisikia vibaya. Shahidi alijibu kwa kukohoa.

Mlalamikaji alitoa mtandio mwenyewe. Mdomo una nyuzi na jicho la kushoto bado limevimba. Shahidi alimtazama kwa muda mrefu, nami sikumharakisha. Kisha akasema, "Ni huyu. Ndaga, mama," yaani asante kwa Kinyakyusa. Mlalamikaji akamjibu, "Ndaga, baba." Ndugu wa shahidi aliyekuwa kwenye benchi alishuhudia, akavua kofia.

Mlalamikaji amesema hakuteleza. Ameomba maelezo yake ya tarehe 14/05/2004 yafutwe na atoe mengine. Nimempa kiti, naanza kuyaandika saa 7:05 mchana.

Sahihi: Yustina, WP 2916 Koplo
Kituo cha Polisi Tukuyu, 17/05/2004